Senene wa Zahanati

Adventina alikuwa juu ya ngazi akifuta sola ya zahanati kwa kitambaa na maji ya mvua, Ndalahwa alipoingia uani na gunia lake la dagaa begani. Kazi hiyo aliifanya kila asubuhi, kabla ya kufagia na kabla ya kuchemsha sindano. Ndege wa kilima cha Kishanda walikuwa wamekata shauri kwamba vile vioo vya Ulaya viliwekwa juu ya bati kwa ajili ya haja zao, na huko Bukoba, alikopelekwa majuma mawili kujifunza kazi, Adventina aliambiwa kwamba kioo kichafu ni friji yenye njaa. Leo vioo vilitakiwa kung'aa kuliko siku zote. Wageni wa Ulaya walikuwa njiani.

"Shuka, mama, upime dagaa," Ndalahwa aliita kutoka chini. Alikuwa Msukuma wa visiwani, mtu wa maneno mengi, na kila wiki alipanda kilima hiki kuuza alichonunua kwa wavuvi. "Bei imepanda kidogo tu."

"Hata wiki iliyopita ilikuwa kidogo tu."

"Mafuta ya karabai, mama! Yamepanda tena. Na dagaa hawaji gizani, sasa mimi nifanyeje?" Akatua gunia, akajipangusa jasho. "Ushukuru hata nimekuja. Kule kisiwani tunazika watoto. Surua. Na imeshavuka, maana jana pale mwaloni, mitumbwi inapotua, nimemwona mtoto wa mama muuza uji, macho mekundu, amejaa vipele mpaka shingoni. Lakini ninyi hamna wasiwasi. Ninyi mna friji, watoto wenu wamechomwa sindano."

Mkono wa Adventina ukasimama juu ya kioo. Maji yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, yakaingia ndani ya gauni, na hakuyasikia. Ndalahwa akamwuliza mara mbili kama anapima au hapimi. Akajibu kwamba leo hapimi, akashuka ngazi polepole kama mtu anayetoka kuugua.

Sola ile haikuwa msaada, ingawa kwenye hotuba iliitwa hivyo. Ilikuwa biashara. Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimepatana na wanunuzi wa Ulaya kwamba kahawa ya Kishanda iende kwao moja kwa moja, isipitie mikono mingi, na katika kila gunia debe moja lisilipwe kwa fedha bali kwa umeme. Watu wakaliita debe hilo kahawa ya jua. Vifaa vilitoka kwa kampuni ya huko huko kwa wanunuzi, na kifaa kikiungua, hata kiwe kidogo kama kifungo cha shati, kilisubiriwa kuja na meli. Kisha mwaka huo bei ya kahawa ikaanguka dunia nzima. Bei ya vioo vya jua haikuwa na habari hiyo, ikabaki pale pale, na debe moja likawa madebe mawili. Wakulima walinung'unika, lakini walitoa. Walitoa kwa ajili ya friji ya chanjo, na kwa ajili ya taa ya chumba cha wazazi, maana wake zao walikuwa wakijifungulia kwenye mwanga wa koroboi.

Friji ilibaki. Taa ya chumba cha wazazi ilikaa wiki chache, kisha ikahamia nyumbani kwa mwenyekiti wa chama, Mzee Kagaruki, pamoja na kioo chake na betri yake. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Tangu hapo mama akishikwa na uchungu usiku, Adventina aliazima umeme wa friji. Aliunganisha waya wa taa ya akiba kwenye betri za friji, mtoto akazaliwa, akauchomoa. Wala hakujificha, kwani Daktari Gamaliel, mkuu wa zahanati, mwenyewe ndiye aliyemwambia afanye hivyo. Mazoea hayo ndiyo yaliyomponza.

Mumewe, Datius, alikuwa amelala ndani tangu Pasaka. Baada ya vita na Uganda alikuwa mmoja wa vijana waliovuka mpaka kwa magendo, wakarudi na redio na mashati ya kitambaa kilichoitwa Juliana. Ugonjwa nao ulipokuja kwa njia hiyo hiyo, watu, kwa kukosa jina, wakauita Juliana. Ilipofika Novemba, Datius alikuwa mifupa na macho. Uji ulimshinda, ndizi zilimshinda. Siku moja akasema, "Msimu umefika, na sijaona senene wako."

Alisema bila kulaumu, ndiyo maana iliuma. Uhayani mke ndiye anayemwokotea mumewe senene, panzi wa mvua za vuli, akawanyonyoa mbawa na miguu, akawakaanga, akampelekea kwa heshima, na mume akamnunulia nguo. Miaka yote Datius alipokuwa ng'ambo ya mpaka, Adventina alikaa misimu bila mtu wa kumpelekea. Na sasa mtu alikuwepo, lakini senene walikuwa haba majanini. Walisema Bukoba mjini wanawake wanazoa magunia chini ya taa za barabarani. Ukiacha ile ya mwenyekiti, Kishanda ilikuwa na taa moja tu, na ufunguo wa chumba cha betri zake ulining'inia kiunoni mwa Adventina.

Usiku wa kwanza aliwasha peke yake, akatundika shuka jeupe la zahanati ukutani, na senene wakaja. Usiku wa pili wanawake wa kilima kizima walifika na vikapu, wakicheka na kusukumana, wakimwita mama fundi. Kwa miezi alikuwa mke wa mgonjwa, mtu ambaye jirani haombi kwake hata chumvi. Sasa walikuwa wamemzunguka, mabega yao yakigusana na yake. Angezimaje? Taa iliwaka mpaka alfajiri.

Datius alikula kiganja kimoja, akasema ni watamu. Siku chache baadaye walimzika kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba. Matanga hayakuwa marefu, kwa kuwa serikali ya kijiji ilikuwa imeyafupisha. Misiba ilikuwa mingi, na nani angelima?

Lakini kabla ya mazishi kulikuwa na Alhamisi, siku ya chanjo. Siku iliyotangulia, pakiti za barafu kwenye friji zilikuwa zimegeuka maji, na mawingu yalitanda kutwa nzima, jua lisionekane. Alhamisi asubuhi ndani ya friji kulikuwa na joto lile lile la chumbani. Kipimajoto kilikuwa kimeharibika tangu Agosti, kwa hiyo hakuna kitu kilichosema, ila mkono wake. Kina mama walikuwa tayari kwenye benchi, wengine wametembea tangu kabla ya mapambazuko. Adventina alishika vichupa akajiambia kwamba si moto sana. Akautazama ule unga wa chanjo ya surua, akaona ni mweupe vile vile. Kisha akafanya kazi yake. Aliwapakata watoto mmoja mmoja, akawaimbia, akawashika mkono usitikisike, na Gamaliel akachoma.

Jua lilirudi, friji ikarudi, na yeye akanyamaza. Majuma matatu alijiambia kwamba huenda chanjo ni ngumu kuliko watu wanavyosema, na pengine surua haitakuja. Hili la pili ndilo lililokuwa likimpa usingizi, na Ndalahwa alikuwa amelibeba, akaondoka nalo pamoja na dagaa wake.

Alimkuta Gamaliel chumbani kwake akipiga pasi ya mkaa koti jeupe.

"Kama ni sabuni, hakuna," Gamaliel alisema bila kugeuka. "Mche mmoja sasa ni bei ya kuku. Waoshe mikono kwa maji matupu, wageni hawatanusa."

"Si sabuni, Daktari. Ni zile chanjo za Alhamisi, kabla ya msiba wangu. Zilikuwa zimeharibika."

Akamweleza yote, shuka, vikapu, barafu iliyogeuka maji. Alisema upesi upesi, macho chini. Harufu ya kitambaa kinachoungua ndiyo iliyowashtua wote wawili. Gamaliel akainua pasi, na kwenye kola ya koti kulikuwa na alama ya kahawia.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Surua imefika mwaloni."

"Nakuuliza, kwa nini leo?"

"Kwa sababu chanjo mpya zimeletwa juzi. Zipo mle ndani na baridi ipo. Tuwaite watoto wale wale, uwachome tena. Ni wa kilima hiki hiki, nawajua wote na milango yao."

"Hizo za juzi zimepangiwa watoto wa mwezi huu. Nikizimaliza kwa waliokwisha kuchanjwa, Wilaya watataka maelezo. Niwaeleze nini? Senene?" Alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Akaketi kitandani na koti mapajani, akawa anaisugua ile alama kwa kidole gumba. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ndogo. "Nilikisikia kile kichupa kina uvuguvugu. Nilifikiri ni joto la mkono wangu."

Adventina alimwonea huruma, na papo hapo akajichukia kwa kufarijika kwamba sasa wako wawili.

Gamaliel hakuwa mtu wa kubeba jambo zito peke yake. Alilipeleka kwa mwenyekiti. Kagaruki alifika amevaa tai, amepaka viatu rangi, na nyuma yake vijana wakivuta mbuzi wa wageni. Aliwaingiza wote wawili chumba cha dawa, akafunga mlango. Hakufoka. Kagaruki alikuwa hodari kwa kutofoka.

"Mwanangu," alimwambia Adventina, "mumeo nilimzika mimi. Ubao wa jeneza niliutoa mimi. Sivyo?"

"Ndivyo, mzee."

"Basi nisikilize kama mzazi. Leo hawa wanunuzi wanakuja kuamua. Wakiridhika, zahanati kumi zinapata friji na taa, kutoka hapa hadi kandokando ya ziwa. Wasiporidhika, kahawa yetu inarudi kwa walanguzi, kwa bei unayoijua. Wewe unataka kusimama mbele yao useme kwamba umeme wao tuliutegea panzi?"

"Sitaki kusema kwa wageni. Nataka watoto wachomwe tena."

"Huwezi kuita kina mama wakupe watoto tena bila kuwaambia sababu. Na ukimwambia mama mmoja, wageni watasikia kabla chai yao haijapoa. Ngoja waende. Tutaona mwezi ujao."

"Surua haitangoja mwezi ujao, mzee." Akamtazama usoni. "Na ile taa ya chumba cha wazazi ingekuwepo, mimi nisingejua hata njia ya kugusa betri za friji."

Gamaliel akajitia kuhesabu vidonge. Kagaruki akaipapasa tai yake, akasema kwa upole ule ule, "Aliyewasha taa ya senene si mimi." Akafungua mlango akatoka.

Na kweli, si yeye. Adventina angeweza kubishana na mwizi, lakini si na mwizi aliyesema kweli.

Kila nyumba ilikuwa imeamriwa kutoa mwanamke mmoja wa kuimba, na asiyefika atalipa debe la kahawa. Kwa hiyo waliimba vizuri. Magari mawili yalipanda kilima katikati ya asubuhi, vumbi jekundu likiyafuata. Katika la kwanza alikuwa ofisa wa mkoa, na bwana mwenye kamera. Katika la pili alikuwa Mama Magreti, mwakilishi wa wale wanunuzi, mwanamke mrefu mwenye mvi, aliyewahi kufundisha shule moja ya Walutheri huko Bukoba alipokuwa msichana. Kiswahili alikijua, tena cha darasani, kisichokosea ngeli. Watu wazima walimwonea aibu kidogo wakaongea naye polepole.

Friji ilifunguliwa, baridi ikatoka, watu wakapiga makofi. Ofisa wa mkoa akasema kwamba hapa ndipo mnapoona faida ya ushirikiano wa kibiashara baina ya mataifa, kwamba mkulima anauza kahawa, mnunuzi anauza jua, na kila mmoja anapata. Kagaruki akasema kwamba tangu siku friji hii iingie, hakuna mtoto wa Kishanda aliyepata surua. Makofi yakapigwa tena, marefu zaidi. Adventina alikuwa amesimamishwa mbele, karibu na friji, kwa kuwa ndiye mama fundi. Naye alipiga makofi. Mikono yake ilifanya hivyo yenyewe, na aliitazama kama mikono ya mtu mwingine.

Baada ya hotuba Mama Magreti alitaka kuona betri. Chumba cha betri kilikuwa kidogo, kisichotosha watu wawili na heshima zao, kwa hiyo wanaume walibaki nje. Mama Magreti aliinama, akatazama vifuniko, akauliza maji ya betri wanayapata wapi.

"Yale ya duka la Bukoba yamekuwa ghali. Nakinga maji ya mvua kwenye beseni safi, kabla hayajagusa bati."

"Unafanya vizuri sana."

Neno hilo vizuri ndilo lililomfungua. Adventina alishindwa kulivumilia. Akasema, kwa Kiswahili cha shule, akichagua maneno ili yasimpotee: Datius, taa, barafu, Alhamisi. Mama Magreti alisikiliza hadi mwisho, mkono ukiwa juu ya betri. Macho yake yalilowa, na Adventina aliona kwamba si machozi ya kuigiza.

"Pole sana kwa mumeo," alisema. Akajifuta macho. "Na sasa betri zinashika umeme?"

"Zinashika."

"Friji ina baridi ile ile kama zamani?"

"Ina baridi. Lakini watoto, mama..."

"Nimekusikia." Alishusha sauti. "Sikiliza, dada yangu. Chanjo ni mradi wa shirika lingine kabisa. Sisi ni umeme na biashara. Nikiliandika hili kwenye ripoti yangu, kule kwetu hakuna atakayesoma habari za mume mgonjwa. Watasoma kwamba Waafrika walipewa umeme wakauchezea. Kuna watu wanasubiri kusoma hivyo. Na zahanati kumi zitakosa."

"Na taa ya chumba cha wazazi? Unajua ilipo?"

Mama Magreti alitazama ukutani, upande wa chumba cha wazazi, mahali ambapo kulikuwa na matundu manne ya misumari na waya uliokatwa. "Najua," alisema. "Leo tunakula chakula cha mchana chini yake." Akamshika Adventina bega, akamwambia azungumze na daktari wake, na kwamba yeye anaamini daktari atafanya linalofaa. Kisha akamwomba wapige picha pamoja mbele ya sola. Mwenye kamera akasema, cheka kidogo, mama. Adventina akacheka kidogo.

Magari yalikwenda kwa mwenyekiti, na Gamaliel akapanda nyuma na koti lake, kola ameikunja kwa ndani. Alipopita karibu na Adventina alisema, bila kumtazama, "Ngoja nirudi tuone." Wanawake walitawanyika kila mmoja na njia yake, maana mbuzi hakuwa wao. Adventina alifunga zahanati. Alisimama na ufunguo mkononi akijaribu kuamini lile neno, ngoja. Mwenyekiti alisema ngoja, daktari anasema ngoja, na yule mama wa Ulaya amesema ngoja kwa ufasaha kuliko wote. Tena yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kungoja. Alingoja majuma matatu. Alipofikia hapo akaona hana tena mtu wa kumlaumu ambaye hakufanana naye, akauweka ufunguo kiunoni, akafuata njia ya migombani.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bernadina. Alimkuta jikoni akimenya ndizi, bado amevaa kanga nzuri ya kuimbia. Mkwewe, bibi kizee, alikuwa ameketi ndani kwenye majani yaliyotandikwa sakafuni, na mtoto Apolinary amelala mapajani mwake.

"Karibu, mama fundi!" Bernadina alicheka. "Umepigwa picha na wazungu, sasa sisi hutatusalimia tena."

"Nimekuja kumwona mtoto."

"Ana mafua. Macho yanachuruzika tu, na tangu jana amegoma kunyonya. Nilitaka nisije kuimba, lakini debe la kahawa nilitoe wapi, waitu, ndugu yangu?"

Adventina alipiga magoti. Mtoto alikuwa wa moto, kope zimevimba, anakohoa kikohozi kikavu. Akamgeuza kichwa taratibu, akatazama nyuma ya sikio. Vipele vilikuwa vimeanza pale, vidogo, vimeshikana. Alikaa hivyo kwa muda, amekishika kichwa kile kidogo, akitamani awe amekosea.

"Bernadina, hii ni surua."

"Surua ya wapi?" Bernadina alikuwa mlangoni na kisu, bado anatabasamu. "Huyu si amechanjwa? Ulimpakata wewe mwenyewe. Ulimwimbia mpaka akasahau kulia."

"Chanjo ilikuwa imekufa."

Akasema. Safari hii hakuwa na Kiswahili cha shule. Alisema kwa Kihaya, lugha ambayo ndani yake hakujua namna ya kujificha. Alisema kwamba aliona barafu imeyeyuka, na kwamba alijua siku ile ile, kabla sindano ya kwanza haijaingia. Bibi kizee akatoa mguno, "Mawe!", yaani mama yangu wee, akamvuta mtoto kifuani. Bernadina hakupiga kelele. Aliweka kisu juu ya ndizi, akajifuta mikono kwenye kanga, akauliza.

"Daktari anajua?"

"Anajua."

"Mwenyekiti?"

"Anajua."

"Na yule mzungu?"

"Nimemwambia mimi mwenyewe."

"Wote mlijua," Bernadina alisema, "na mimi nilikuwa pale uwanjani nawaimbia."

Adventina alianza kulia. Bernadina akamwambia asilie pale, kilio ni cha mwenye mtoto. Alitembea hadi ukutani akarudi, akatembea tena.

"Senene wale hata mimi niliokota," alisema. "Nilijaza kikapu. Nilikubariki wewe na taa yako, na huyu Apolinary nilimtafunia nikamlisha. Lakini mimi sikujua taa ile inakula wapi. Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Chanjo nzima zipo?"

"Zipo kwenye friji. Juzi zimeletwa. Kwa huyu tumechelewa, huyu anataka dawa na maji mengi na asitoke nje akawaambukiza wenzake. Lakini wale wengine wanaweza kuwahiwa."

"Na ufunguo?"

Adventina aliugusa kiunoni. Bernadina alimwambia mkwewe ampe mtoto maji kidogo kidogo kwa kijiko, asimtoe hata mlangoni. Akajifunga kanga upya, kwa nguvu, kama wanavyojifunga wanaokwenda kulima.

"Daktari yuko kwa mwenyekiti anakula mbuzi," alisema. "Tutamfuata huko huko, aje amwone mwanangu, kisha achome hao wengine. Lakini hatutafika wawili. Alhamisi ile benchi lilijaa, na nyumba zote ziko njiani. Tangulia."

Walipita migombani, Adventina mbele. Nyumba ya pili ilikuwa ya Rozi, aliyekuwa akianika maharage uani, mtoto wake mgongoni akinyonya ncha ya kanga. Rozi alinyoosha mgongo, akawatazama wote wawili, akatabasamu, akaanza salamu.

Bernadina hakuitikia. Alisimama pembeni, akakunja mikono.

"Sema," alimwambia Adventina.

Adventina akasema. Rozi akamshusha mtoto mgongoni, akamkumbatia, akatoka naye hivyo hivyo, maharage yakabaki juani. Wakaenda watatu hadi nyumba iliyofuata, na mlango ulipofunguliwa Bernadina akasimama tena pembeni.

"Sema."